Nakala Tatu

Mimi ni wa mashine. Kopi moja shilingi mia,
mia mbili umeme ukikatika na jenereta kuanza kukohoa.
Watu wa Buguruni huniletea maisha yao yamekunjwa mara nne:
cheti cha kuzaliwa, talaka, mkataba wa chumba.
Kazi yangu ni kutoa kopi, si kusoma. Ila jicho halina komeo.

Stumai Kambangwa nilimjua kwanza kwa karatasi.
Kandambili miguuni, tope la Msimbazi hadi vifundoni,
viatu vya mahakamani kavishika mkononi kama samaki.
"Nakala tatu," alisema. Hakusema kopi.
"Moja ya mahakama, moja ya manispaa,
moja ya Bi Sijali, asije akasema nilikula nauli yake."
Ilikuwa orodha: nyumba sabini na mbili zenye X nyekundu,
kila nyumba na jina, kila jina na dole gumba.
Dole la arobaini na moja lilikuwa la mama yangu;
nalijua, lina kovu la kisu cha muhogo.

Sikusema kitu. Nilimtoza nusu.

Kesi ikaahirishwa. Hakimu kahamishwa.
Ikaahirishwa. Jalada halionekani.
Jalada likaonekana, wakili wa upande wa pili akaugua.
Kila akirudi mikono mitupu, jioni alikaa gatini kwenye maji,
ndoo zimepinduliwa kuwa viti,
akawafundisha wanawake neno zuio
hadi watoto wakalichezea: mmoja tingatinga, ananguruma,
mwingine kasimama mbele yake na ukurasa wa daftari.

Zuio lilitoka Jumatano.
Tingatinga lilikuja Jumanne.

Nyumba kumi na nne. Ya mama ilibaki, peke yake kama jino.

Ikatakiwa barua ya mtaa, kuthibitisha nani aliishi wapi,
ili waliobomolewa wadai chao.
Mwenyekiti wa wakati ule akataka kwanza elfu kumi ya wino.
Wino! Wino nanunua mimi, najua bei yake.
Bi Sijali aligeuza kitumbua, hata hakuinua uso:
"Mahakama Kuu unafika, mlango huu wa bati ndio unakushinda?"

Fomu ya kugombea niliitoa kopi mimi.
Chama gani, usiniulize: mashine yangu ni nyeusi na nyeupe.
Picha yake ilitoka na mstari shavuni, wino ulikuwa unaisha.
"Bandika hivyohivyo," alisema.
Wapinzani wakapita na spika: huyo mwanamke wa kesi,
mkimpa mtaa atawashitaki na ninyi.
Alishinda kwa kura kumi na tisa.
Siku ya kwanza aliniagiza herufi kubwa za ukutani:
MUHURI HAUNA BEI.

Huo ulikuwa mwaka juzi.

Mwaka huu mtaro umeziba tena, maji yananuka hadi kitandani.
Mara yuko kikaoni Ilala, mara yuko semina,
mlango wa bati una kufuli, na foleni nje yake.
Jana vijana wanne walileta malalamiko dhidi yake.
Niliyachapa, koma kwa koma.
Karatasi ilikuwa bado kwenye kioo cha mashine
alipoingia kutoa kopi ya kitambulisho cha mtu.

Akaisoma amesimama. Vijana wakatazama dari.
Nikasikia feni yangu ilivyo na kelele.

"Kifungu hiki sicho," alisema mwishowe,
akachomoa kalamu, akakata, akaandika kingine pembeni.
"Kwa kile ningewaponyoka mchana kweupe.
Kwa hiki sina pa kupita."
Kisha, akiwa mlangoni, bila kugeuka:
"Nakala tatu. Moja mniletee nigonge muhuri kwamba nimepokea."

Nilizitoa. Zilikuwa na joto bado.
Sikujua nimtoze nani.